Nilivyomsaidia baba mkwe kuacha sigara wakati kwa heshima sitakiwi kujua kama anavuta

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, nacheka na vituko vyenu nikiwa kwenye cherehani. Leo na mimi nashusha wangu. Yametokea nyumbani kwangu hapa Karatu, nilichobadilisha ni majina tu. Anayetafuta chai ajipikie, hapa hakuna.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Mume wangu ni guide, muda mwingi yuko Ngorongoro na wageni. Kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi, binti yetu Naomi na baba mkwe. Mama mkwe alishafariki.

Baba mkwe ni Mmbulu wa wale wa zamani. Mrefu, mkimya, koti moja kiangazi na masika. Ni mzee wa kanisa, na siku alipopewa huo uzee alisimama mbele ya waumini akasema sigara ameacha.

Hakuacha.

Pale nyumbani kila mtu anajua. Anavutia nyuma ya zizi, jioni, na hakuna anayesema kitu. Nilipoolewa, wiki ya kwanza tu, mama mkwe alinivuta pembeni akaniambia nikienda kukamua jioni niwe nagonga ndoo njiani, nisitokee kimya kimya.

Sikuuliza. Siku hiyo hiyo nikagonga, nikaona moshi unakatika ghafla, mzee anatoka nyuma ya zizi anatikisa tikisa nguzo za uzio kama ndicho kilichompeleka.

Tukaishi hivyo miaka. Naomi alifundishwa kuimba akienda zizini. Hata mchungaji akija kututembelea anaanza kukohoa kuanzia getini, na kifua chake ni kizima kabisa.

Mtasema kwa nini msimwambie. Haya, nyie mngeanzaje kumwambia baba wa mume wenu "najua unavuta"? Heshima, wakuu.

Mama mkwe alipofariki, mzee akazidisha. Kikohozi kikamkalia. Akitoka shamba la mbaazi anasimama simama njiani anatafuta pumzi, ukimtazama anajifanya anaangalia mawingu. Mwisho akaenda mwenyewe Arusha kwa daktari wa kifua. Akarudi akasema ni vumbi.

Vumbi la Karatu mnalijua. Nikanyamaza.

Baada ya siku chache nikaanza kumsikia anatapika kule zizini asubuhi. Chakula anakidonoa tu. Nikachukua lile koti nilifue, mfukoni nikakuta vidonge, jina sijawahi kulisikia.

Kichwani kwangu lilikuwa neno moja, kansa. Nilikaa chini pembeni ya beseni nikamlilia mzee wa watu kama vile ameshaondoka. Nilishamzika mama, sikuwa tayari kumzika na yeye.

Nikapiga picha vile vidonge, nikavirudisha, nikapanda boda mpaka mjini kwa Rukia mwenye duka la dawa. Akaivuta ile picha ikawa kubwa, akatabasamu.

"Mama Naomi, hizi ni za kumsaidia mtu kuacha sigara. Zinatolewa kwa cheti cha daktari. Nani kwenu anavuta?"

"Hakuna," nikamjibu.

Yaani hata pale dukani bado namlinda. Rukia akaniangalia kidogo, akaelewa.

"Basi huyo asiyevuta mwambie anywe akiwa ameshakula, na maji ya kutosha, la sivyo atatapika hivyo hivyo. Na mkimwona amezama kwenye huzuni isiyo ya kawaida, msisubiri, arudi kwa daktari."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka tena. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia mtu anavuta sigara.

Sasa kazi. Nilijua tatizo liko wapi. Mzee alikuwa anavimeza zizini alfajiri, tumbo tupu, kwa sababu akivimeza mezani tutamuuliza ni dawa ya nini, na yeye havuti. Kichefuchefu kikiendelea angevitupa, na akivitupa anarudi kwenye sigara, na kifua kile kilikuwa hakina tena nafasi ya sigara.

Nikaanza kuamka kabla yake. Napika uji wa ulezi wenye maziwa, namjazia kikombe kikubwa, namwambia, Baba nisaidie huu, mtoto ameukataa. Mtoto wakati huo anakoroma. Mzee anakunywa bila swali, na mimi nasahau glasi ya maji pembeni yake, kisha natoka nimpe nafasi.

Kutapika kukaisha taratibu.

Rukia alikuwa ameniambia pia kwamba siku za mwanzo mtu anaweza kuendelea kuvuta huku anameza, halafu anachagua siku ya kuacha. Siku yenyewe sikuambiwa. Nilijua jioni moja nilipogonga ndoo, moshi hakuna, mzee amekaa juu ya jiwe mikono mitupu. Hakuwa na cha kuzima. Aliniangalia, akamwangalia ng'ombe. Nilitamani kupiga vigelegele, nikakamua.

Jambo jingine. Mzee huwa anapeleka maharage Nainokanoka, kule juu Ngorongoro, kwa rafiki yake, mzee wa Kimaasai. Wakikutana salamu yao ni ugoro, kuukataa ni kama kuukataa mkono wa mtu. Na ugoro ni tumbaku ile ile. Safari hiyo akarudi akanipa kikaratasi kimefungwa vizuri.

"Mama Naomi, katupe hii. Isikae karibu na mimi."

Hakusema ni nini wala kwa nini. Nikakitupa chooni, nikarudi jikoni nikiwa na furaha ya kijinga.

Hizi dawa kwa wengine zinaleta ndoto, ndoto za wazi kabisa kama sinema. Asubuhi akiwa na uji wake akaanza kunisimulia. Amemwona mama yenu anapepeta mbaazi. Amemwona na kile kitenge cha kijani, anamgombeza kwa kuacha mlango wazi. Tangu mazishi hakuwahi kumtaja. Nikawa naamka na hamu ya kusikia leo mama amefanya nini.

Halafu ghafla kimya. Uji unapoa mbele yake. Jumapili hakwenda kanisani, na yule mzee hajawahi kukosa. Nikakumbuka maneno ya Rukia, nikaogopa sana.

Nikampigia mume wangu, yuko kreta, mtandao unakuja unapotea. Akasema nisubiri arudi waongee wanaume. Nikaona huko kusubiri kunaweza kutugharimu.

Jioni nikaenda zizini. Ndoo nikaiacha jikoni.

"Baba, hizo dawa za sigara zinakuumiza moyo?"

Aligeuka akaangalia getini, mimi nikaanza kujuta.

"Umejua lini?"

"Za dawa, tangu nilipofua koti. Za sigara, tangu nilipoolewa."

Akajipangusa uso kwa kiganja. Nilidhani atakasirika.

"Zinakaribia kuisha," akasema. "Zikiisha, mama yenu sitamwona tena."

Wakuu, nilikaa pale pale kwenye nyasi nikalia. Na yeye akalia, bila sauti, ng'ombe anatushangaa.

Nikamwambia kesho twende Arusha wote, akakubali. Daktari hakumcheka. Alimuuliza vizuri kama ana mawazo ya kujidhuru, mzee akasema hapana, anamkumbuka mke wake tu. Akapimwa kifua, kinaelekea kuzuri. Akaambiwa amalize dozi kama ilivyopangwa, haiongezwi kwa ajili ya ndoto, na mimi nikaambiwa kukitokea mabadiliko yoyote nisimfiche.

Tukarudi mpaka Mto wa Mbu. Pale akaomba tusimame, akamnunulia Naomi ndizi nyekundu.

Kabla sijamalizia, niseme nilichojifunza. Jina la dawa siliweki, msije mkaenda kujinunulia. Nendeni kwa daktari, na anayetumia apate mtu wa kumwangalia tumbo na moyo. Na heshima ni kitu kizuri, ila sisi tulimheshimu mzee mpaka akawa anaugua peke yake na kujitibu peke yake ndani ya nyumba yenye watu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi, vidonge vikaisha. Asubuhi fulani nikampa uji, naogopa kumuuliza. Akasema mwenyewe.

"Leo sijaota."

Akauzungusha zungusha uji kwenye kikombe, akasema mimi ndiye niliyekaa na mama jikoni kuliko yeye, nimwambie tulikuwa tunaongea nini.

Nikavuta kigoda. Nikamwambia kwamba masika, yeye akiwa amepanda Nainokanoka, mama alikuwa hakubali kuzima moto mpaka asikie gari linakata kona. Nikimwambia twende tukalale, anasema maharage hayajaiva, na mzee akiingia anamwambia hivyo hivyo. Nikifunua sufuria, ndani ni maji matupu.

Mzee akaweka kikombe chini.

"Miaka yote hiyo," akasema, "nilidhani ni maharage."

Siku hizi sigara hana, na anaongea mpaka nashonea watu mikono kinyume. Aliyepitia dawa hizi, yeye au mzee wake, aje atuambie ilikuwaje kwake. Na wa kunicheka acheke tu, nipo hapa nasoma.