Waya Mweusi wa Fundi Mbona

Mume wangu anafunga muziki kwenye magari, na mtaa mzima unamwita Fundi Mbona. Jina hilo hakupewa kwa sifa. Mteja analeta redio iliyokaa kimya, anachotaka ni iongee aende zake. Mume wangu ataifanya iongee, halafu atabaki ameishika mkononi: "Mbona juzi ilikuwa inaongea?" Mteja ameshawasha gari, yeye bado yuko dirishani anauliza. Ukimtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari hatagomba, atataka kujua mkono wako ulipita wapi. Kwa miaka minane ya ndoa nimeshamzoea, na kusema kweli ndicho nilichompendea.

Banda letu ni moja. Upande wa kushoto kuna meza yake, koleo zake, na makopo ya bolti alizozipanga kwa urefu kwa sababu hapati usingizi zikichanganyika. Upande wa kulia kuna cherehani yangu, nashona makava ya viti vya magari. Yeye akifungua viti, mimi napima kitambaa, na ndivyo tunavyokula. Mtu huyu anayeuliza kila kitu nilikuwa nimemficha jambo moja tu, na jambo hilo lilikuja bandani kwetu Jumamosi asubuhi kwa magurudumu manne.

Lilikuwa gari la zamani la baba yangu. Sasa ni la mdogo wangu wa kiume, huyu anayenifuata ziwa, aliyepewa miaka miwili iliyopita. Siku ya kumkabidhi, Baba alipiga boneti makofi mawili akasema, "Gari hili halijaguswa hata na kuku." Mimi nilikuwa nagawa soda. Nilijua limeguswa, maana aliyeligusa ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Baba alikuwa amelala mchana, ufunguo uko kwenye msumari, nikauchukua. Kwenda mbele nilikwenda vizuri. Kurudi nyuma ndiko kulikonishinda: nilikanyaga mafuta nikidhani nimekanyaga breki, na ubavu wa nyuma wa kushoto ukaenda kukutana na pembe ya ukuta wa ghala. Baba alitoka mbio bila viatu. Hakunipiga. Alisema, "Hili tutazikwa nalo, mimi na wewe." Gari likaondoka wiki tatu, likarudi linang'aa, na nyumbani akasema lilikuwa linatengenezwa injini. Miaka kumi na mitatu nilikaa kimya, na ukimya huo nikauita adabu.

Basi Jumamosi hiyo mdogo wangu alitaka afungiwe amplifaya na spika kubwa ya besi.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, "nataka nikipita, madirisha ya majirani yaniitikie."

Baba alikuja naye, akakaa kwenye benchi la wateja wangu.

Mwanzoni sikuwa na wasiwasi. Kazi hii nimeitazama mara nyingi mpaka naijua. Inaanza na waya mwekundu unaotoka kwenye betri, mnene kama kidole cha mtoto. Shibiri moja tu kutoka kwenye betri anaukata na kuweka fyuzi, kwa sababu waya ukija kuchubuka huko mbele, ni afadhali ife fyuzi kuliko kuungua gari. Kisha anaupitisha kwenye tundu la ukuta unaotenga injini na abiria, na tundu lenyewe analivisha mpira ili chuma kisiutafune waya. Ukishaingia ndani, mwekundu unapita kushoto chini ya kapeti, na nyaya za sauti zinapita kulia. "Zikilala pamoja zitapiga kelele," huniambia, nami humjibu kwamba hata watu ni hivyo hivyo.

Waya mweusi unakuja mwishoni. Ni mfupi, lakini unene wake ni sawa na wa mwekundu. Mara ya kwanza nilimuuliza mbona huu haurudi kwenye betri, akafurahi mpaka akaacha kula. Alinieleza kwamba bodi lote la gari ni waya. Umeme unakwenda kwa waya mwekundu, na kurudi unatembea kwenye chuma chenyewe mpaka betri. Kinachotakiwa ni kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, halafu kukaza bolti isicheze. Siku hiyo alichagua mahali pa kukwangua nyuma kushoto, karibu na gurudumu. Sindano ikanichoma kidole.

Wakawasha. Sauti ya chini ilikuwa nzuri. Mdogo wangu akaongeza, besi ikapiga mara moja, amplifaya ikazima. Ikajiwasha yenyewe. Besi ikapiga tena, ikazima tena. Walipowasha injini spika zikatoa mluzi mwembamba, na kila ukikanyaga mafuta mluzi ulipanda.

"Amplifaya mbovu hii," mdogo wangu alisema.

Mume wangu akafunga nyingine, ya kwake mwenyewe. Nayo ikazima vilevile. Akachukua mita ya kupimia umeme. Waya mwekundu ulikuwa mzima toka mwanzo hadi mwisho. Akavuta waya mrefu kutoka hasi ya betri, akagusisha ncha moja ya mita hapo na nyingine kwenye bolti ya waya mweusi. "Hapa inatakiwa isome karibu na sifuri," alisema. "Si ni bodi moja hili?" Besi ikapiga, mita ikasoma volti nne.

"Shemeji, hamishia bolti kulia tumalize. Watoto wananisubiri niwachukue."

Akahamishia kulia. Besi ikapiga bila kuzima, mluzi ukaisha. Mdogo wangu alipiga makofi, Baba akainuka kwenye benchi, nami nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu sindano iliponichoma.

Fundi mwingine yeyote angerudisha kapeti na kiti cha nyuma. Wangu alibaki amechuchumaa.

"Sawa, imekubali. Lakini mbona chuma kilekile kikubali kulia, kikatae kushoto?"

"Mume wangu," nikamwambia, "ukimchunguza sana bata hutamla."

"Sitaki kumla. Nataka kumjua."

Akaokota sumaku ya spika iliyokufa, akaanza kuipitisha sakafuni. Upande wa kulia ilishika kila mahali. Kushoto, penye ile bolti ya kwanza, ilishika pia. Akaisogeza kuelekea mahali pa kiti cha nyuma, ikaacha kushika. Akairudisha, haikushika. Kila isiposhika aliweka alama ya chaki, na zile alama zikazunguka sehemu yote ya chini ya kiti cha nyuma cha kushoto, ukanda mpana kama kiganja. Nilijikuta nimeiacha cherehani, nimeinama ubavuni kwake. Sitaficha: pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo, nilitaka kuona. Nilijua nilichokigonga. Namna Baba alivyokitengeneza sikuijua.

"Hapa hakuna chuma," alisema. "Ni puti, ile ya kuzibia mabonde ya bodi, imepakwa rangi."

Akaweka bisibisi juu ya chaki na kuisukuma kwa kidole gumba tu. Ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa tuliona kokoto za chini ya gari zikimulikwa na jua. Kipande chote kilichobeba kiti, pamoja na pale penye bolti ya kwanza, kilikuwa kiraka cha bati, kimeshikiliwa na puti na misumari miwili ya ribiti iliyooza. Ndiyo maana umeme ulikuwa unakwama: kile kiraka hakikuwa kimeungana na gari.

"Nani huwa anakaa hapa?" mume wangu aliuliza.

Mdogo wangu aliinama juu ya tundu. Hapo hukaa kitinda mimba wake, ana miaka minne.

Akainuka, akamgeukia Baba. "Baba, si ulisema halijaguswa?"

Baba alikohoa. Hakunitazama. "Mimi nilikupa gari zima. Na mafundi wana mambo yao. Anatoboa mwenyewe, halafu anakuonyesha tundu ili apate kazi ya pili."

Mume wangu alisimama na bisibisi yake mkononi. Hajawahi kumwacha mtu bila swali, lakini Baba ni mkwe wake, na mkwe habishiwi. Akainamisha kichwa. "Samahani, Baba," alisema. Mdogo wangu akamtazama shemeji yake kwa jicho la mtu aliyeibiwa, na wateja wawili waliokuwa wanasubiri zamu wakatazamana. Riziki yetu yote imekaa juu ya jina la mtu huyu, na jina la fundi likichafuka mtaani hakuna sabuni ya kulitakatisha. Baba alikuwa ananilinda mimi. Nilielewa hivyo, na nikaona aibu.

"Aliyegonga ni mimi," nikasema.

"Wewe nyamaza," Baba alisema.

"Nililigonga gari kwenye ukuta wa ghala kabla sijaolewa. Baba alijua, na mimi nilijua. Siku unakabidhiwa ufunguo nilikuwa hapo hapo nagawa soda. Miaka miwili mtoto anakaa juu ya puti, na mimi shangazi yake nampungia mkono."

Mdogo wangu alikaa chini, pale pale kwenye kokoto. Hakunitukana. Nilitamani anitukane, ningejua pa kuanzia kuomba msamaha. Alinyoosha mkono akapitisha kidole kwenye lile tundu, akakichungulia upande wa pili, akakitoa.

"Leo watoto watarudi kwa miguu," alisema.

Mume wangu alikuwa ananitazama. Nilijiandaa kwa swali nililolistahili: imekuwaje nimfiche miaka minane. Hakuliuliza.

"Siku hiyo ulikuwa unakwenda wapi?"

Kati ya maswali yote, hilo ndilo ambalo sikuwa nimeliandalia jibu, kwa hiyo nikasema kweli.

"Popote. Nilitaka tu kujua linavyoendeshwa. Huyu alifundishwa akiwa na miaka kumi na sita, na mimi ndiye mkubwa. Kila wikiendi nilikaa mlangoni nikiwatazama yeye na Baba wakienda na kurudi, nikihesabu gia kwa masikio."

Baba alikuja mpaka karibu na gari, akashika mlango kama anayehitaji kushikilia kitu.

"Ungeniomba," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea kwake. "Ungeniomba, mwanangu, ningekufundisha."

"Nilikuomba, Baba. Mara tatu. Mara ya tatu ulicheka, ukaniambia nikalioshe."