Bi Kulthum na Kibali cha Uwanja wa Farasi

Siku ile ya futari gari niliendesha mimi, kwa hiyo nisije nikajifanya sikuwemo. Ningeweza kumwambia Bi Kulthum kwamba Waingereza hawagongewi mlango na sahani mkononi kama watu wa Wete. Sikumwambia. Sambusa zilikuwa zinanukia kiti cha nyuma, na mimi Mkatoliki nilikuwa nimeahidiwa tano.

Jina lake kamili ni Ummukulthum, ila Hayes nzima, mtaa wetu wa London, humwita Bi Kulthum. Ni Mpemba wa miaka hamsini na tisa, mfupi, anayetembea kama anawahi basi hata akiwa jikoni kwake. Alikuja London mwaka elfu mbili na moja, baada ya machafuko ya Januari, na binti yake Najla akiwa tumboni. Miaka ishirini amepanga chakula cha abiria kwenye kiwanda kimoja karibu na Heathrow, na yeye mwenyewe amepanda ndege kwenda kwao mara mbili tu. Tulijuana kiwandani humo, kabla sijaingia kazi ya kutunza wazee. Yeye wa Pemba, mimi wa Kibosho; kitu cha kwanza tulichokubaliana ni kwamba meneja wetu hana haya. Urafiki ukaanzia hapo.

Kilichomkosesha Bi Kulthum usingizi ni Idd. Kwao sikukuu haiishi siku moja. Ni siku nne, na kila alasiri watoto huvishwa nguo mpya wakapelekwa kiwanja cha sikukuu, kwenye pembea na vibanda vya vitamu, na wakubwa hukaa wakaonana. Hapa London walikuwa wakikodi ukumbi wa shule unaochukua watu mia nne, kwa saa tano, na wanaotaka kuja wanafika elfu tatu, kutoka Ilford, kutoka Thamesmead, wengine nje ya mji kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya sikukuu. Neno lake kwa miaka sita lilikuwa hilo hilo: "Watoto wetu Idd hawaijui, Sesi. Wanaijua half-day."

Halafu akatokea Njenga. Huyu ni Mkenya, anasimamia shughuli kwenye uwanja wa mbio za farasi ulio upande wetu wa mji. Farasi hukimbia pale siku chache kwa mwaka. Siku nyingine nyasi zimelala tu. Njenga akasema kiwanja kipo, maegesho yapo, vyoo vipo, Idd Kubwa mnakaribishwa siku zote nne. Kilichopungua ni kibali. Sheria inawapa siku ishirini na nane kwa mwaka za kufanya mambo yasiyo ya farasi bila kumwomba mtu, na uwanja ulikuwa umeshazigawa zote kwa magulio na maonyesho ya mbwa. Kwa mikusanyiko mikubwa zaidi, hata ikiwa ya muda, ilibidi kuomba baraza la mtaa. Wakubwa wa Njenga wakakubali kuomba, lakini kwa sharti: jaribio ni moja. Wakikataliwa, hawarudii.

Miezi mitano Bi Kulthum aliishi ndani ya makaratasi. Ofisa wa mipango, binti mmoja anaitwa Kalpana, alimtaka aandike tarehe kamili ya sikukuu. Bi Kulthum akamjibu kwamba itategemea mwezi. Kalpana, ambaye mama yake naye huhesabu Diwali kwa mwezi, hakushangaa. Akaandika wiki nzima, ili mwezi uchague wenyewe. Wakaelewana hivyo mpaka kwenye kelele, taa, mabasi ya kutoka stesheni, na nyasi zitakazokanyagwa. Kalpana akapendekeza kibali kitolewe.

Kisha zikaingia barua za majirani, arobaini na moja, kwa hiyo ombi likapelekwa kwa kamati ya madiwani iamue kwa kura. Mmoja aliogopa magari, mwingine moshi wa mishikaki. Mwingine aliandika kwamba farasi watashtuka, na farasi wenyewe siku hizo wako kwa wenye nao, maili nyingi kutoka pale. Bi Kulthum alizisoma zote, akakunja miwani.

"Hawatujui hawa," akasema. "Na jirani hajulikani kwa barua. Ramadhani hii n'nawapelekea futari."

Basi tukapeleka. Barabara iliyopakana na uwanja ina nyumba ishirini na sita, na kila nyumba ilipata sahani yake ya sambusa, kaimati na tende. Kila mlango alisema maneno yale yale, kwa Kiingereza chake cha kiwandani: mimi ndiye wa ile sikukuu, kutakuwa na watu wengi siku nne, nimekuja kuomba radhi mapema. Wengine walipokea kwa ncha za vidole. Wanne hawakufungua. Nyumba namba kumi na saba akatoka babu mmoja mwenye sweta ya kijani, akala kaimati pale pale mlangoni, shira ikimchuruzika kidoleni. Akauliza maswali mengi ya ombi letu, na Bi Kulthum akamjibu yote. Mwisho babu akasema, "Mimi sina ugomvi nanyi. Nitawaunga mkono."

"Umemsikia yule?" Bi Kulthum aliniambia garini. "Ana adabu."

"Adabu za Kiingereza hizo, usizijengee nyumba."

Kikao cha kamati hiyo ya madiwani kilikuwa Jumatano, saa kumi na mbili na nusu jioni. Bi Kulthum alifuturu kwa tende na maji kwenye ngazi za jengo la baraza, akasali Magharibi pembeni ya mashine ya kahawa, tukaingia. Ukumbi ulikuwa umejaa. Upande wa kulia walikaa majirani, kushoto sisi wanne: Bi Kulthum, Najla, Njenga na mimi. Njenga alikuwa amepiga hesabu wiki nzima. Madiwani ni kumi na mmoja. Watano wetu, watano wao, mwenyekiti akiwa mmoja wao. Wa kumi na moja hasemi.

"Tukimpata huyo, tumeshinda," akasema. "Tukimkosa, tumeisha. Hakuna katikati."

Madiwani wakaingia. Wa saba alikuwa mzee mwenye tai, ameshika faili. Bi Kulthum akanishika mkono mpaka pete yake ikaniumiza.

"Sesi. Yule si babu wa kaimati?"

Ndiye. Na kabla sijajibu, mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti kavu, akauliza kama kuna diwani mwenye jambo la kutangaza. Babu akasimama. Akasema kwamba wiki mbili nyuma mwanamke mmoja alileta chakula nyumbani kwake, kwamba alikila, na kwamba amemwona mwanamke huyo humu ndani.

"Bribery!" mtu akapiga kelele kutoka upande wa kulia. Wengine wakapiga miguu chini.

Njenga akageuka polepole. "Mama Najla. Huyo ndiye wa kumi na moja. Ulipelekea councillor chakula?"

"N'limpelekea jirani," Bi Kulthum akasema. "Kwani ana alama usoni?"

Waswahili tuna neno letu, mkono mtupu haulambwi, na mle ndani nikaomba Mungu pasiwe na mtu mwingine anayelijua. Mwenyekiti akagonga meza. Mwanasheria wa baraza, msichana mwembamba aliyekuwa anafungua kurasa kwa haraka, akaeleza mambo kwa ufupi. Sahani ya chakula peke yake si kitu. Imetangazwa, imeandikwa, diwani anaweza kubaki na kupiga kura. Lakini ikiwa walizungumzia ombi lenyewe, na diwani akaonyesha msimamo wake kabla ya kikao, hana budi kutoka nje.

"Mlizungumzia ombi?" akamuuliza babu.

Babu akatazama faili yake. "Tuliongea kidogo mlangoni. Sikumbuki kama tulilitaja."

Alikuwa anakumbuka vizuri sana. Mtu aliyeuliza habari za vyoo na mabasi hasahau ndani ya wiki mbili. Nilimwelewa: alikuwa anatufungulia mlango, tupite sote kimya kimya. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, sioni aibu kusema.

Mwanasheria akatugeukia. "Labda upande wa waombaji unaweza kutusaidia. Bibi, mlizungumzia ombi hili?"

Ukumbi wote ukamtazama Bi Kulthum. Akasimama. Najla akamvuta ushungi, akanong'ona, "Mum, just say no. Please." Mimi nikatumia Kiswahili, maana hakuna aliyekijua mle isipokuwa sisi wanne, nikasema wazi bila kunong'ona:

"Bi Kulthum, sema ulimsalimia tu. Salamu, basi."

Hakugeuka. Akaurekebisha ushungi aliovutwa. Nikaanza kuhesabu taa za dari, nikafika tisa.

"Ndiyo," akasema. "Nilimwambia yote. Aliniuliza, nikamjibu. Na akaniambia atatuunga mkono. Sikujua kama yeye ni diwani."

Njenga alifunika uso. Babu akakusanya karatasi zake moja moja, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kilichofuata kilikwenda kama kawaida, kana kwamba hakuna kitu kilichovunjika: Kalpana akaonyesha ramani, jirani mmoja akalalamika dakika tatu, Bi Kulthum akasoma dakika zake tatu bila kukosea hata neno. Alisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma nyumbani. Mikono ikanyanyuliwa. Watano. Ikanyanyuliwa tena. Watano. Mwenyekiti akasema kura zikifungana yeye anayo ya pili, na ya pili ni hapana.

Nje kulikuwa na manyunyu. Njenga hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Neno moja tu, Mama. Ungesema no, saa hii tungekuwa tunapigia watu simu."

"Ningekipata kiwanja kwa uongo, halafu ningesali Idd vipi juu yake?" akasema Bi Kulthum.

Mimi ndiye niliyekuwa na hasira. Nilikasirika mpaka nikashindwa kuwasha gari. Mimi ningesema hapana, Jumapili ningeungama, padri angenipa Salamu Maria kumi, na watoto wote wale wangepata kiwanja chao. Nilimwambia hivyo hivyo, na sikuchagua maneno. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Dini yako ina njia hiyo, Sesi," akasema. "Miye sina."

Simu yake ilikuwa inalia bila kukoma. Kundi la kamati yetu ya sikukuu lina watu mia tisa, na wote walikuwa wanangoja. Najla, macho mekundu, alishaandika ujumbe tayari: baraza limekataa, poleni, tushukuru Mungu. "That's true, Mum. Every word is true. They don't need the rest."

Bi Kulthum akaichukua simu, akafuta, akabonyeza kitufe cha sauti. "Assalamu alaykum ndugu zangu. Tumenyimwa kwa kura moja. Kura hiyo ilikuwa yetu. Diwani ametolewa nje kwa sababu n'limpelekea futari na nikazungumza naye habari za ombi, na nilipoulizwa n'lisema kweli. Kosa langu, si la mtu mwingine. Nisameheni." Akaituma kabla Najla hajamkamata mkono.

Wengi walimjibu vizuri. Wengine walikaa kimya, na tuliwajua kwa majina. Baada ya wiki mbili katibu wa kamati, kijana mpole anaitwa Musab, alikuja nyumbani kwake, akanywa chai, akazunguka na maneno mpaka akafika: watu wanaona Bi Kulthum apumzike uenyekiti. Hakubishana. Wakubwa wa Njenga walikuwa wameshatimiza neno lao, hawakuomba tena, na ukumbi wa shule ulikuwa umeshakodiwa. Akamwomba Musab kazi moja tu siku ya Idd.

"Mlango," akasema. "Watakaorudishwa, n'tawarudisha mwenyewe."

Siku hiyo nilikwenda kumsaidia, maana hasira yangu haikuwa imeisha lakini nisingeweza kumwacha peke yake. Saa nne na dakika kumi mia nne walitimia na mlinzi akafunga geti. Foleni ilizunguka kona ya barabara. Bi Kulthum alisimama mbele ya geti katika buibui lake jipya, akimwambia kila mtu uso kwa uso kwamba nafasi imekwisha. Wengine walimkumbatia. Wengine waliondoka bila kumwitikia Idd mubarak yake.

Akafika mama mmoja kijana na mtoto wa kike wa miaka sita, gauni la zambarau, hina mpaka viwiko.

"Tumetoka Thamesmead, bibi. Tumepanda treni tatu."

"Najua, mwanangu. Pamejaa. Kiwanja n'liwakosesha mimi. Nisamehe."

Yule mama alimvuta mtoto karibu yake. Hakupandisha sauti. "Ungesema tu hapana, bibi."

Akamshika mtoto mkono, wakarudi upande wa stesheni, mtoto akigeuka kutazama geti kila hatua mbili tatu. Bi Kulthum aliwaangalia mpaka walipovuka barabara. Nikamwambia aende akakae, mimi nitashika zamu. Akatikisa kichwa, akapangusa macho kwa pembe ya ushungi, akamgeukia aliyefuata.