Kikombe cha Kava Kwenye Kompyuta

Fuatino haombi radhi ovyo. Ndivyo alivyokuwa tulipokuwa wasichana hapa kisiwani Savai'i, Samoa, na ndivyo alivyo leo, mwalimu wa watoto wetu. Hafundishi kompyuta kwa maandishi magumu. Anawapa vipande vya rangi kwenye kioo, wanavivuta kwa kidole na kuvipanga kimoja chini ya kingine, na mashine inatenda kwa mpangilio huohuo.

Wazee wa baraza wakasema huo ni mchezo. Aje awaonyeshe; wasiporidhika, kompyuta zitoke kwenye ukumbi wa kijiji, akina mama wasukie mikeka yao humo. Dada yake akampigia simu kutoka Auckland, aache, ahamie huko.

"Nikafanye nini? Wanangu ni hawa," akaniambia, machozi yakimlengalenga.

Siku ikafika. Watoto walikuwa wametengeneza kwenye kioo sherehe ya kava, kinywaji chetu cha heshima: mtangazaji anaita cheo cha mtu, kisha kikombe kinamwendea. Fuatino akabonyeza. Kikombe kikaenda moja kwa moja kwa mume wangu.

Mume wangu! Aliyepewa cheo juzi tu, anayekaa kule mlangoni! Kikombe cha kwanza ni cha Tuiasau, mkuu wetu, nani asiyejua? Nikamtazama binti yangu Sina, naye akatazama miguu yake. Kumbe asubuhi alikuwa amekipandisha juu kipande cha baba yake. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze.

"Nani amenitukana?" Tuiasau akauliza, taratibu.

"Hakuna, mheshimiwa," Fuatino akajibu. "Mashine haijui mkubwa wala mdogo. Inafuata ulivyoipanga. Njoo uipange."

"Mimi? Kwa vidole hivi?"

"Hivyohivyo. Au unaogopa kioo?"

Wazee wakaguna. Tuiasau akasogea, akavuta kipande cha kikombe chake juu kabisa, akabonyeza. Kikombe kikamjia kabla hajaitwa. Mzee Faleono, mtani wake wa siku zote, akacheka mpaka akakohoa.

"Kiu gani hiyo, hata kuitwa hungoji!"

"Nyamaza wewe!"

Akakuna kichwa, akaweka kipande cha kuita juu ya kikombe. Sauti ya mtoto ikaita cheo chake, kikombe kikamfikia. Akajipigia makofi. Basi wote wakajazana kwenye kioo, wakabishania nani apewe kikombe cha nne mpaka magimbi ya chakula yakapoa.

"Na ukumbi, mheshimiwa?" Fuatino akauliza.

Tuiasau hakuinua macho. "Akina mama watasukia kwangu. Wewe niambie, nikitaka huyu wa mlangoni arudishe kikombe, navuta kipi?"

Sina akanyoosha kidole. "Hiki cha kijani, babu."