Gari la Kunusa Mafuta

Mwanzoni mshale wa mafuta ulinifurahisha. Baba alikuwa akijaza tanki Kondoa, anampakia mama, anakuja naye mpaka kwangu Dodoma kwa ajili ya kliniki ya moyo, na wakifika, kabla sijamaliza kuwaamkia, ananishika mkono nikaangalie dashibodi.

"Hebu tazama mwenyewe."

Natazama. Mshale umeshuka kidogo tu kutoka juu. Baba anacheka mpaka anakohoa.

"Gari hili halili mafuta, mwanangu. Linanusa tu."

Nami nacheka, maana gari nililinunua mimi, na nililinunua kwa ajili ya mama, asisukumwe tena kwenye mabasi na moyo wake ule. Ni kigari kifupi, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, na injini yake ya petroli ina pistoni tatu na haifiki lita moja. Kinachoiokoa ni kile kifaa cha kuisukumia hewa ambacho mafundi hukiita tabo. Majirani zangu wa Area D waliniuliza pikipiki iliyotolewa injini hiyo nimeiacha wapi. Baba, aliyemaliza maisha yake ya kazi kwenye usukani wa malori, alifungua boneti siku ya kwanza, akainama, akachungulia kila upande, akaniuliza, "Na nusu nyingine wameiweka wapi?" Lakini mlima ulipokuja kigari kilipanda. Ukikanyaga mafuta kilipiga mluzi mwembamba huko mbele, kisha kikachomoka. Baba aliupenda sana ule mluzi.

Furaha yangu ilianza kuharibika ofisini. Mwenzangu mmoja ana gari la aina ileile, tofauti ni rangi tu, na kwao ni Kondoa vilevile. Nikamtambia jinsi letu linavyonusa. Akanisikiliza, akasema yeye anaendesha taratibu kama bibi harusi, lakini gari lake halijawahi kufika Dodoma na tanki la namna hiyo. "Labda geji yenu ni mbovu," akasema. Niliuona ni wivu. Hata hivyo neno lake lilinikaa moyoni, na kila baba aliponiita nione mshale nilicheka kidogo kuliko mara iliyopita.

Siku moja, mama akiwa kwenye foleni ya daktari, nilipeleka gari kwa fundi kule Chang'ombe libadilishwe oili. Akafungua na magurudumu. Pedi za breki alizozifunga yeye mwenyewe si muda mrefu zilikuwa zimelika hadi chuma, na diski zimegeuka rangi ya samawati kwa kuungua.

"Mnashuka nalo milima gani hili?" akaniuliza.

Kisha akawasha injini, nami nikasikia nisichokuwa nimekisikia kwa sababu ya kelele za barabarani: ule mluzi haukuwa tena mluzi. Ulikuwa mguno. Fundi akasema tabo inakosa oili ikiwa bado ya moto, kwamba kuna mtu anaizima injini ghafla wakati inachemka, tena anaizima mara nyingi. Hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Nilimjua huyo mtu, na nilijua anaizimia wapi.

Nimekua nikisikia habari hizo. Madereva wa malori wa enzi za baba walipofika kichwani mwa mteremko walitoa gia, wakazima injini, wakaliacha lori lishuke lenyewe na mzigo wake kimyakimya, na dizeli iliyobaki tankini mwisho wa safari ilikuwa yao. Iliingia nyumbani kwetu kwenye madumu, ikatoka kwenye madumu kwenda kuuzwa. Hakuna aliyeuita wizi. Uliitwa uhodari, na dereva aliyerudi na tanki kavu alisemwa kuwa ni mzembe asiyejali wanawe. Sare zangu zilitoka humo, na viatu, na daftari, na nauli ya kwenda bweni. Mimi nimesomeshwa na miteremko, na sioni aibu kusema hivyo.

Ila sasa hakukuwa na tajiri wa kumpunja. Gari langu, petroli yangu, na aliyekaa kiti cha pembeni si gunia la mahindi. Baba alikuwa akiniokolea mafuta mimi. Ndiyo zawadi pekee aliyokuwa nayo mkononi, na kila alipofika alinionyesha kwenye geji.

Jioni ile nilimwambia. Nilizunguka kwanza, kama inavyopasa mtu kuzunguka mbele ya mzazi, nikasifu uendeshaji wake, nikasifu macho yake, ndipo nikafika kwenye breki. Nikamweleza kwamba breki za gari hili husaidiwa na injini. Ukiizima, msaada unabaki wa kukanyaga mara moja, labda mbili. Baada ya hapo pedali inakuwa jiwe.

"Nimeshuka na tani za mahindi mteremko wa Kolo," akasema, "wewe hujajua kutambaa."

"Najua, baba."

"Basi."

Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Aliinua macho akanitazama, akayarudisha kwenye mchele. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hakuna aliyetufundisha la kufanya pale mkuu mwenyewe anapokuwa hasikii. Nilikasirika, na hasira ya mtoto kwa baba yake haina pa kwenda.

Asubuhi waliondoka. Nilisimama getini nikausikiliza ule mguno mpaka ukakata kona. Kuanzia hapo, siku ya safari yao sikuweza kufanya kazi. Simu ikiita naitazama kwanza, nikiogopa namba nisiyoijua. Na kliniki nako mambo hayakuwa mazuri: kila mama alipopimwa presha ilikuwa juu, na kila safari daktari aliongeza kidonge. Tulimpunguzia chumvi, tukamkataza chai ya rangi. Haikushuka.

Kisha kukatokea msiba Kolo, kwa ndugu wa mama. Nikapanda basi hadi Kondoa, na kutoka hapo tukaenda sote watatu na kile kigari, baba kwenye usukani, mama pembeni yake, mimi nyuma na sufuria za kupikia. Kwenda tulikuwa tunapanda, kwa hiyo nilikuwa na amani. Mazishi yakaisha, tukala, tukaaga, na alasiri jua likiwa bado kali tukaanza kurudi.

Kichwani mwa mteremko nikaona bega la baba likisogea. Akatoa gia. Akarudisha ufunguo nusu, nusu tu, usukani usije ukafunga. Na injini ikanyamaza.

Sijaupenda ukimya hata kidogo tangu siku ile. Ulisikika upepo kwenye vioo, matairi yakisaga lami, vifuniko vya sufuria vikigongana taratibu. Gari likaanza kukusanya mwendo. Wakati huohuo mkono wa kulia wa mama ukatoka mapajani ukaenda kukaa juu ya breki ya mkono. Hakutazama. Uliifikia kama mkono unavyoifikia swichi ya chumba ulicholala miaka mingi. Midomo yake ilikuwa inasoma dua.

"Baba, washa gari," nikasema.

"Tulia."

Kona ya kwanza akakanyaga breki, ikashika vizuri, hata akanitazama kwenye kioo ili nijionee. Ya pili akakanyaga, nikaona amejiinua kidogo kwenye kiti. Tulipotoka kwenye kona hiyo barabara ilikuwa imejaa ng'ombe. Kundi zima lilikuwa linavuka, bila haraka, na mchungaji yuko upande wa pili.

Baba akakanyaga. Nikaliona goti lake likinyooka, na mgongo wake ukisukuma kiti kuja kwangu, miguu yote miwili sasa, na gari halisikii. Shingo yake ilitoka mishipa. Alisahau ufunguo, alisahau honi, alibaki kusukuma tu. Sikupiga kelele. Nilijishikilia kwenye kiti cha mama nikamwona akivuta breki ya mkono, si kwa mara moja, alivuta kidogo, akaachia, akavuta tena, akaachia. Kigari kikatikisa mkia, kikatoka kwenye lami, kikaingia kwenye changarawe na kusimama kimeinama. Ng'ombe mmoja alikuwa dirishani kwangu. Pumzi yake iliweka ukungu kwenye kioo, kisha akaendelea na safari yake.

"Breki za siku hizi," akasema baba. Akafungua mlango, akatoka, akazunguka akiyatazama matairi, kisha akaenda kusimama mbali kidogo akiwa ametugeuzia mgongo.

Mikono yangu bado ilikuwa imeking'ang'ania kiti cha mama. Ya mama ilikuwa imetulia.

"Hii si mara ya kwanza," nikamwambia.

"Kwa ng'ombe ni mara ya kwanza."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungemnyang'anya gari. Umeshamwona baba yako akikaa barazani bila kazi? Hamalizi mwaka yule."

"Na wewe je?"

Akaurekebisha mtandio wake. "Mimi huchukua udhu kabla ya kupanda. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu enzi za malori, aliponipa lifti kwenda kwetu. Sanda yangu iko kabatini, chini ya kanga. Dada yako anajua."

Alilisema kama mtu anayeelekeza chumvi ilipo. Na hapo ndipo nilipoielewa presha iliyokuwa ikipanda kila akifika Dodoma. Daktari alikuwa akiipima miteremko ya njiani. Vidonge vyote vile tulimmezesha kwa ajili ya barabara, na gari la kumpumzisha moyo nimemnunulia mimi.

Nikatoka nyuma, nikakaa kwenye usukani.

Baba aliporudi akanikuta hapo. Alisimama mlangoni, nami sikumtazama usoni, nilitazama mbele kama dereva. Sikusema samahani wala shikamoo. Alisubiri mama ahame kiti cha mbele ampishe. Mama hakuhama. Basi akafungua mlango wa nyuma, akasogeza sufuria, akaingia magoti yakigusa kiti changu. Sidhani kama alishawahi kukaa nyuma ya gari maishani mwake.

Niliwasha injini, nikaweka gia ya pili, nikashuka nayo hivyohivyo, injini ikinguruma na kutupunguzia mwendo. Tabo iliguna. Nyuma yangu baba alikuwa anasema peke yake kwa sauti ya chini, kila kona. "Unachoma mafuta. Unachoma mafuta bure."

Tulipofika nyumbani Kondoa alishuka wa kwanza, akaja dirishani kwangu, akanyoosha kiganja. Alikuwa anadai ufunguo. Kwetu mkono wa baba hauachwi mtupu. Nimepewa chakula na mkono ule, na ada, na kila kitu. Niliutazama, makovu yake na vidole vyake vilivyopinda kwa usukani, na roho iliniuma kweli.

Sikumpa.

Aliuacha mkono pale muda mrefu. Kisha akaushusha, akaenda zake msikitini bila kugeuka. Nikageuka nimwambie mama tushuke, nikamkuta amelala, kichwa kimeegemea mkanda, mdomo wazi kidogo, mikono yote miwili imelegea mapajani. Umri wangu wote sikuwahi kumwona mama akilala ndani ya gari. Nikazima injini taratibu, nikakaa naye mpaka alipoamka mwenyewe.