Mama Awadhi na Watazamaji wa Chungu

Chausiku, ambaye majirani zake wote wa Korogwe walimwita Mama Awadhi, hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi. Alizaliwa Kwaluguru, upande wa Handeni, kwa mama mfinyanzi. Akaolewa, akafiwa na mume, kisha akahamia Korogwe kwa mwanawe. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akifagia na kulinda chumba cha makumbusho alichokifungua Mwalimu Simeo, mstaafu, nyuma ya nyumba yake. Humo mlikuwa na vinyago, vigoda, ngoma mbili, na chungu kimoja kikubwa cheusi kilichotoka Handeni. Wageni wengi walikuwa wanafunzi. Waliingia, wakavicheka vinyago, wakaenda zao.

Ndiyo maana wale waliokuja kila Alhamisi walimtia shaka tangu siku ya kwanza.

Waliongozwa na Asnath, muuguzi mstaafu kutoka milimani Usambara. Walikuwa sita, wake kwa waume. Walivua viatu, wakaketi mkekani kukizunguka kile chungu. Hawakuuliza kina umri gani wala hawakupiga picha. Walikitazama tu.

"Anzeni mdomoni mwa chungu," Asnath alisema kwa sauti ya chini. "Macho yashuke polepole hadi shingoni. Vuteni pumzi. Itoeni. Mawazo yakikimbia msiyafukuze, rudisheni macho kwenye chungu."

Mama Awadhi, aliyesimama mlangoni na ufagio wake, aliacha kufagia. Watu wazima na akili zao, kimya, mbele ya chungu? Kwao, watu wakikizunguka chungu namna ile, kuna kinachoombwa. Na marehemu mama yake hakuruhusu mgeni akikodolee macho chungu kibichi. Alikifunika kwa kanga, akisema macho ya watu huupasua udongo kabla ya moto.

Walipoondoka alichungulia ndani ya chungu. Hamna kitu. Akanusa, hakuna ubani. Hilo halikumtuliza, mchawi mwenye akili haachi alama.

Alhamisi ya pili, mwanamume mmoja alilia. Aliitwa Yordani, dereva wa lori aliyepata ajali Mkata na tangu hapo hajashika usukani. Machozi yalimtiririka bila sauti, macho yake hayabanduki kwenye chungu. Mama Awadhi akaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo, Mwalimu. Wale watu wanakiabudu chungu chako."

"Marahaba. Wanatuliza akili, Mama Awadhi. Watu wana majonzi, hawajui wayatue wapi. Asnath ameniomba ruhusa."

"Majonzi yana msikiti, yana kanisa."

Mwalimu akacheka, na kicheko kile kikamchoma. Kama si uchawi, aliwaza, basi ni wizi. Wanakisoma ili wakafinyangishe mwenzake, walete bandia, waondoke na chenyewe. Akaamua kuwatangulia.

Alipanda basi hadi Mkata, akanunua sokoni chungu cheusi cha ukubwa uleule. Alhamisi ya tano, kabla hawajafika, alikifungia cha zamani stoo, akaweka kipya mahali pake. Kisha akaketi mlangoni kuwasoma nyuso. Atakayeshtuka ndiye mwizi.

Asnath akaanza kama kawaida. Mdomoni, shingoni, pumzi. Yordani akainua kichwa.

"Samahani, Mama Asnath. Hiki siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo kile. Kile kina alama ya kidole gumba chini ya shingo, upande huu ninaokaa mimi. Huwa natulia hapo."

Wote wakageuka kumtazama mlinzi. Mama Awadhi akainuka. Alijua sasa kwamba mwizi hasemi hivyo. Kilichomwumiza zaidi ni kwamba miaka mitatu alikifuta chungu kile kila asubuhi, na alama hiyo hakuwahi kuiona.

"Nimekitoa mimi," alisema hatimaye. "Niliwadhania vibaya."

Asnath hakufoka. "Kilete basi, tukione pamoja."

Akakileta kifuani kama mtoto. Alama ilikuwepo, ndogo, ya kidole cha mwanamke. Yordani akauliza imetokana na nini, na Mama Awadhi akajikuta akieleza: chungu kikiwa bado kibichi, mfinyanzi hukishika hapo anapokigeuza, na akiwa amechoka husahau kulainisha. Mama yake alichoka mara nyingi. Alifinyanga akiwa na mimba, alifinyanga akiwa na homa. Akaketi ukingoni mwa mkeka, akaitazama alama ile ya kidole, na machozi yakamtoka.

Alimgeukia Asnath kwa ukali. "Umenifanya nini?"

"Sijakufanya kitu, mwenzangu."

"Ndivyo wasemavyo wote."

Watu wakacheka, naye akacheka huku akijifuta kwa ncha ya mtandio.

Tangu siku hiyo Mama Awadhi huketi nao, karibu na mlango, jicho moja kwenye chungu na jingine kwenye mikoba yao. Yordani alipoomba siku moja abaki peke yake chumbani dakika tano, alimjibu, "Baki. Lakini na mimi nabaki." Wakabaki wote wawili, kimya, hadi adhuhuri ilipoadhiniwa.