Kwaya Iliyokaa Mahali pa Maktaba

Siku ya kwanza kazini nilisimama mlangoni hadi Mama Neema, katibu wa ofisi, aliponiuliza, "Umeleta maji ya kunywa?" Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimeleta. Naona aibu kuongea, ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu wa klabu ya kompyuta, badala ya kuja kusimama mbele yenu. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na tisa, na bado nina hasira.

Ofisi ilikuwa Kahama, juu ya duka la pembejeo. Tulitengeneza programu kwa lugha ya Java. Kila mtu ana mwandiko wake, mmoja anaacha nafasi, mwingine anabananisha, kwa hiyo tulikuwa na maktaba ya kunyoosha msimbo, yaani maandishi ya programu: unaipa faili lililovurugika, inakurudishia lililopangwa. Maktaba hiyo ni faili la jar. Lakini haifanyi kazi peke yake. Inaita klasi, yaani vipande vya msimbo walivyoandika watu wengine, vinavyokaa kwenye jar nyingine. Hizo zikikosekana programu yako inakompaili, yaani inageuzwa lugha ya mashine, vizuri tu, halafu inaanguka ukiiendesha.

Bando letu lilikuwa la kubana, basi kila kitu kilipakuliwa mara moja Kahama, kikasafiri kwa flashi.

Mteja wetu wa Katoro, mwenye maghala ya mchele, alitaka kukabidhiwa msimbo wa programu yake ukiwa umenyooka. Mkurugenzi akaniambia, "Binti, Katoro ikienda vizuri nakuajiri. Ikiharibika, majaribio yako yameishia hapo." Nikaweka jar zote kwenye flashi, nikamkabidhi Fundi Mkuu, msimamizi wangu.

Tulisafiri watatu, Mkurugenzi, Fundi Mkuu na mimi. Kule Katoro, mteja akiwa ameketi pembeni, skrini ikaandika NoClassDefFoundError.

"Nini hiki?" Mkurugenzi akauliza.

"Muulize huyu," Fundi Mkuu akasema, kisha akanigeukia na kuniita mama kwa Kisukuma. "Nilimwambia aweke zote. Mayu, shuleni ulienda kusoma au kuchunga ng'ombe?"

Mteja akacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kisha nikavuta kiti. Ujumbe wa kosa husomwa, haukodolewi macho. Jina la klasi iliyokosekana liko pale pale, na mwanzo wa jina hilo unakuonyesha imetoka maktaba gani. Nikafungua flashi. Jar ya kunyoosha ilikuwa peke yake, na pembeni yake video za kwaya ya kanisani kwa Fundi Mkuu. Alitaka nafasi, akafuta jar alizoona ni za ziada!

Nikampigia Mama Neema. Akanitumia jar yenye klasi iliyotajwa, kwa bando lake mwenyewe. Ikaanguka tena, na jina jingine. Ndivyo Java ilivyo, inataja moja moja. Nikamwomba folda nzima, nikaiandika kwenye njia ya klasi, pale Java inapoambiwa itafute wapi. Msimbo ukanyooka.

"Mmeona?" Fundi Mkuu akamwambia mteja. "Vijana tunawanoa wenyewe."

"Kazi umepata, binti," Mkurugenzi akasema. "Mshukuru fundi wako. Siku nyingine uwe makini."

Nimshukuru! Fundi Mkuu akaniinamia, akanong'ona, "Ile kwaya hujaifuta?"

"Ipo, fundi," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mimi sifuti vitu vya watu. Jar ulizifuta wewe."

Mkurugenzi akamtazama mteja, akanitazama mimi. "Hayo tutaongea Kahama."

Kahama hatukuongea. Nilingoja, kila asubuhi namwamkia Fundi Mkuu shikamoo, ananijibu marahaba kama vile hakuna kilichotokea, na kwa wageni bado mimi ndiye niliyesahau jar. Nikaacha kazi niliyoitaka kuliko kitu chochote.

Nyie bebeni folda nzima, na kabla ya kusafiri ifungueni muone kilichomo. Na ukisingiziwa, sema hapo hapo, hata kama unatetemeka.

Siku ya kuaga, Mama Neema aliniuliza tena, "Umeleta maji?"

"Sijaleta," nikasema. Akanimiminia ya kwake.