Wifi na Mhandisi Aliyenyamaza

Wifi yangu ana kazi mbili. Ya kwanza, inayompa mshahara, ni kukunja mashuka ya hospitali katika chumba kimoja chenye joto la tanuri na mashine sita za kupigia pasi. Ya pili, isiyompa hata shukrani za kutosha, ni kuwatafutia watu kazi zao. Nasema kazi zao, si kazi tu. Kazi tu hapa ugenini unaipata siku ya tatu, ufagio uko tayari unakungoja. Wifi anahangaika na daktari wa mifugo anayeosha vyombo, na mwalimu wa fizikia anayepanga maboksi, watu waliovuka mipaka na vyeti vyao ndani ya bahasha ya plastiki.

Kule tulikotoka alikuwa afisa utumishi kwa miaka kumi na tisa. Anajua kwa nini mtu amekosa kazi kabla hajakaa kitini. Ukimuuliza mbona yeye mwenyewe bado anakunja mashuka, atakujibu kwamba kinyozi hajinyoi, kisha atakutuma jikoni.

Kila Jumamosi sebule yetu hugeuka ofisi. Kaka yangu, ambaye ndiye mwenye nyumba kwa jina, hufukuzwa yeye na redio yake. Meza ya kulia huvutwa hadi dirishani, na mimi huvaa miwani ya kaka nikawa mjumbe wa bodi mwenye roho mbaya. Wifi anasema kipaji hicho nimezaliwa nacho. Mimi nauliza maswali ya kukera, yeye anasimama nyuma ya mwombaji na daftari lake: kaa wima, usiseme ulisaidia kidogo kama kazi uliifanya mwenyewe, usishukuru mara nne. Somo analolipenda kuliko yote ni kumtambua mkubwa wa meza na kumpa heshima yake, maana heshima si utumwa. Na sheria yake isiyovunjwa ni moja: ukishatoka kwenye usaili, usipige simu. Anayepiga simu anaonekana ana njaa.

Ndipo akaja Mhandisi. Tulimwita hivyo ingawa alikuwa akishusha magunia kwenye kiwanda cha mikate, na kila Jumamosi alifika na unga masikioni. Kwao, nchi ileile tuliyotoka sisi, alijenga madaraja kumi na moja. Alikuwa mpole mpaka anaudhi. Nikimfokea kama mjumbe wa bodi, anasema asante. Hapa alisoma miaka miwili, akafaulu mitihani ya uhandisi na kupewa kibali cha muda, kwa sharti kwamba apate mwajiri kabla hakijaisha. Kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi ule. Kikiisha, mitihani yote anaianza upya, na umri wake si wa kuanza upya. Barua za maombi tulishaandika arobaini na moja. Moja tu ndiyo iliyozaa usaili, siku ya Ijumaa.

Ijumaa hiyo alikuja kwetu saa tisa alasiri, akiwa na suti ya kaka iliyomwishia juu ya vifundo vya mikono. Alikuwa ametulia, hata chai akaomba. Akatusimulia kwamba walikuwa watatu: mhandisi mkuu, ambaye ni mzee mwenye mvi, na vijana wawili wa ofisini kwake. Walimpa mchoro wa daraja dogo la waenda kwa miguu, wakamwomba auangalie aseme maoni yake.

Wifi akauliza alisema nini.

"Nilisema ni mchoro safi, mistari imepigwa vizuri."

"Na ulikuwa safi kweli?"

Mhandisi akapuliza chai yake. Akasema hapana, kulikuwa na kosa kubwa. Nondo za boriti zilichorwa juu, na boriti ikibebeshwa uzito huanza kupasuka chini, kwa hiyo chini ndiko nondo zinakotakiwa. Alikuwa ameliona kabla hajakaa vizuri. Lakini mchoro ulikuwa na sahihi ya yule mzee, na vijana wake walikuwepo. Mzee wa watu humvui nguo mbele ya watoto wake. Alipanga kumnong'oneza koridoni, ila mzee akatoka kwa mlango mwingine.

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Wifi hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha waombaji, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Lile kosa waliliweka makusudi," akasema. "Huo ndio uliokuwa usaili wenyewe. Na mimi ndiye niliyekufundisha kumheshimu mkubwa wa meza."

Uso wa Mhandisi ulinyauka mbele ya macho yetu. Wifi akaichukua barua ya mwaliko, akatazama namba ya simu iliyoandikwa chini, akatazama saa ya ukutani, akaanza kubonyeza. Nikamkumbusha sheria yake. Akaniambia ninyamaze, niivue na ile miwani ya kaka, ambayo nilikuwa nimeivaa kwa mazoea.

Karani alimuunganisha na mzee. Wifi akaweka sauti ya nje, akajitambulisha, akaeleza bila kuzungukazunguka kwamba mhandisi wa asubuhi aliliona kosa la nondo ila aliona aibu kumsahihisha mkubwa mbele ya wadogo, akapanga kumnong'oneza koridoni. Mzee akasema kila anayekosa jibu hulikumbuka baadaye akiwa nyumbani. Akaomba aongee na mhusika mwenyewe.

"Zege lingekuwa linamwagwa kesho asubuhi," mzee akauliza, "ungeningoja koridoni?"

Mhandisi akaiangalia ile simu mezani. Nilidhani atasema asante.

"Nilishasimama mbele ya lori la zege mara moja," akasema polepole. "Lilikuwa daraja la wanafunzi, la kuvukia mto kwenda shule. Nondo zilikuwa nusu ya zile nilizoandika. Mkubwa wangu alikuwepo, na wageni rasmi walikuwepo. Nilisema mbele yao wote. Nilifukuzwa kazi palepale, na zege likamwagwa hivyohivyo. Baada ya hapo hakuna aliyeniajiri, ndiyo sababu niko huku. Leo asubuhi nilipoona sahihi yako, mdomo ulikataa kufunguka. Nimewaambia hawa kuwa ni heshima. Ilikuwa woga."

Miezi minne alikuwa akija sebuleni kwetu, hakuwahi kutuambia. Wifi alikuwa ameshika daftari kifuani kwa mikono miwili.

"Na lile daraja?" mzee akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sijui. Kila anayetoka kule namuuliza kama bado limesimama. Mpaka mwezi uliopita, limesimama. Watoto wanapita."

Mzee alikohoa. Halafu akasema kwamba vijana wake wawili wana mwaka na nusu ofisini na hawajawahi kumwambia kuwa amekosea, naye si malaika. Akamwambia Mhandisi afike Jumatatu saa mbili na vyeti vyake halisi, barua ya mwajiri ataikuta. Kisha akakata simu, bila kwaheri.

Hakuna aliyeruka wala kupiga vigelegele. Mhandisi aliinamisha kichwa juu ya meza, na Wifi akamwekea mkono mgongoni kama mtoto wake. Mimi niliosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka kaka anikute.

Jioni ile Wifi alimuuliza Mhandisi jina la ule mto, kisha akampigia simu shangazi yake anayekaa wilaya hiyo. Walisalimiana, wakaulizana hali za watu wote hadi kuku. Kisha nikamsikia akimwomba shangazi atume mtu pale mtoni kila wiki, akatazame chini ya boriti kama kuna ufa, na amwambie yeye Wifi kwanza, kabla Mhandisi hajasikia.